Matawi yasiyoondolewa

Ukitoka Lubumbashi, huku kwetu Kongo, jioni kwenda Likasi, si ajabu ukute matawi barabarani kabla hujafika Luisha. Mtu ameyakata kwenye pori la kando, majani yakiwa bado mabichi, akayalaza juu ya lami kwa mafungu: moja hapa, la pili hatua thelathini mbele, la tatu mbele zaidi. Hapana kibao, hapana maandishi, hapana taa. Lakini kila shofere wa Katanga anayasoma, hata yule aliyepewa usukani wiki iliyopita: punguza mbio, mbele kuna kamyo, yaani lori, imekufa.

Njia hiyo naijua. Kwa miaka 11 nimekuwa nikipeleka vipuri vya magari Likasi na Kolwezi, na naendesha mwenyewe. Kutoka kwetu hadi Likasi ni kilomita zipatazo 120, na kutoka Likasi hadi Kolwezi karibu 180 nyingine, sehemu kubwa ikiwa ni mkondo mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Wote wanapita humo: kamyo za shaba zinazoelekea mpakani Kasumbalesa, matangi ya asidi ya migodini, teksi-basi zilizojaa hadi mlangoni, baiskeli zilizobebeshwa magunia ya makala, yaani mkaa, na mvua zikishakolea, watoto wanaosimama ukingoni kabisa wakiinua mabakuli ya uyoga ili uwaone. Gari langu lina usukani upande wa kulia, kama magari mengi ya mji wetu yaliyotoka Japani, na sisi tunapita kulia. Nikiwa nyuma ya kamyo sioni chochote mbele. Macho yangu ni mtoto wa yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, anayekaa kushoto, anatoa kichwa dirishani na kuniambia: pita, mama mudogo, au: ngoja.

Nimeanza na matawi, lakini kilichonisukuma kuandika ni barua aliyoipata mdogo wangu huko Uingereza.

Mdogo wangu anaishi Birmingham na kazi yake ni kusambaza mizigo kwa gari dogo. Mwaka 2023 nilikwenda kukaa kwake wiki tatu. Alikuja kunipokea Heathrow, ndege ilikuwa imechelewa, tukaingia njiani saa saba za usiku. Tulishika M25, ile barabara inayoizunguka London, kisha M40, kisha M42. Sikuwa nimewahi kupanda njia ya namna hiyo. Mikondo mitatu, pengine minne, na wote wanaelekea upande mmoja. Hakuna anayekuja kukukabili uso kwa uso. Moyo wangu ulitulia kwa namna ambayo barabara ya Kolwezi haijawahi kuutuliza.

Juu ya njia, fremu kubwa za chuma zimevuka toka ukingo hadi ukingo, na juu ya kila mkondo kuna kibao cheusi chenye nambari inayowaka. Tulipita chini ya 60. Mbele kidogo, 50. Kisha 40, ndani ya duara jekundu. Wenzetu wanahesabu kwa maili, kwa hiyo 40 yao ni kilomita 64 kwa saa. Vibao visipowaka, kikomo cha barabara hizo ni maili 70, karibu kilomita 113.

“Yaya, angalia,” mdogo wangu akaniambia. “Unaona kitu?”

Sikuona kitu. Lami ilikuwa kavu, anga safi, taa za gari la mbele zilikuwa mbali kama nyota. Alikanyaga breki hadi 40 na kubaki humo, mikono imekaza usukani. Magari matatu yakatupita kwa hasira. Tulikwenda hivyo mwendo mrefu, tukafika pale ambapo kibao kinasema kikomo kimekwisha, na njia yote hiyo hatukukuta gari lililokufa, wala watu wa kazi, wala polisi, wala hata kipande cha tairi.

Ndipo akanieleza habari ya barua. Kabla sijafika, kamera ilikuwa imempiga picha akipita kwa 51 chini ya kibao cha 40, usiku vilevile, njia tupu vilevile. Aliwekewa mambo mawili achague: alipe faini ya pauni 100 na kuandikiwa pointi 3 kwenye leseni, au alipie darasa la madereva na kukaa saa kadhaa akifundishwa. Huko, ukifikisha pointi 12 ndani ya miaka mitatu, unaweza kunyang’anywa leseni. Kwa mtu ambaye leseni ndiyo inayolipa nyumba na shule ya watoto, pointi 3 si mchezo. Akachagua darasa.

“Sikatai sheria, yaya,” alisema. “Nakataa nambari inayonishusha halafu haina neno la kuniambia.”

Nilikuwa upande wake pale pale, kwa kuwa ni damu yangu na kwa kuwa nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Lakini kwa haki yake, yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza upande wa pili, jinsi alivyouelewa baada ya lile darasa, na niliporudi nyumbani niliendelea kusoma hadi nikaelewa zaidi.

Vikomo hivi vinavyobadilika si vya jana. Ujerumani walianza kuvijaribu miaka ya 1960. Uingereza waliviweka kwenye kipande cha M25 mwaka 1995, na M42 ikafuata mwaka 2006, wakaongeza pale ruhusa ya kutumia mkondo wa dharura wakati magari yamejaa. Chini ya lami kumezikwa nyaya zilizozungushwa, zinazotambua kila gari linapopita juu yake. Kompyuta inahesabu: magari mangapi, kwa mwendo gani, yamekaribiana vipi. Ikiona magari ya mbele yameanza kubanana, inawasha nambari ndogo kwa wale walio nyuma, kilomita kadhaa kabla, ili wafike polepole na wakute wenzao wamekwisha kufunguka.

Kwa nini kubanana tu kuwe hatari, hata pasipo ajali? Mwaka 2008 watafiti wa Japani, wakiongozwa na Yuki Sugiyama, walichapisha jaribio ambalo nimelitazama mara nyingi kwenye simu. Walichora njia ya duara yenye mzunguko wa mita 230, wakaweka magari 22, wakawaambia madereva waende mwendo mmoja, kama kilomita 30 kwa saa. Hapakuwa na shimo, hapakuwa na ng’ombe, hapakuwa na askari. Kwa muda kidogo mambo yalikwenda vizuri. Kisha mmoja akapunguza kidogo, wa nyuma yake akapunguza zaidi kwa hofu, wa nyuma yake zaidi tena, hadi mwisho mmoja akasimama kabisa. Na kule kusimama kukaanza kurudi nyuma kutoka gari hadi gari kama wimbi, ilhali magari yenyewe yanakwenda mbele.

Nililiamini jaribio hilo mara moja, maana wimbi hilo nimelipanda mimi mwenyewe. Kamyo kumi zikifuatana kuelekea Kasumbalesa, ya kwanza ikigusa breki kwa sababu ya shimo dogo, ya kumi inasimama kabisa, na shofere wake anapiga honi akiuliza kuna nini huko mbele. Mbele hakuna kitu. Shimo limekwisha kupitwa zamani. Aliyekuja nyuma ya ile ya kumi kwa kilomita 100 kwa saa anakula mita karibu 28 kila sekunde, na anaikuta imesimama.

Basi nambari inayowaka usiku ina maana yake. Na hapo ndipo uchungu wa madereva unapoanzia: ikiwa nambari imefanya kazi yake vizuri, hutaona kitu. Umepunguza mbio, wale wa mbele wamefunguka, unafika na kukuta njia nyeupe. Mama anayewalaza watoto wake chini ya chandarua mwaka mzima hana siku moja ya kuonyesha na kusema, leo ndiyo chandarua kimemwokoa huyu. Mtoto hakuugua, basi. Jirani asiyeamini atamwambia mbu hawakuwepo.

Lakini kuna utupu mwingine, na watetezi wa vibao hawapendi kuuzungumza. Ni ule wa nambari iliyosahauliwa. Gari lililokufa limevutwa, watu wamekwenda kulala, na kibao bado kinawaka 40 kwa sababu hakuna aliyekizima, au kwa sababu chombo kimesoma vibaya. Mtu aliye kwenye usukani hana njia ya kutofautisha utupu huu na ule. Vyote viwili vinafanana: lami kavu, anga safi, nambari juu. Kamera nayo haitofautishi. Mdogo wangu mpaka leo hajui usiku wake ulikuwa upi kati ya hizo mbili, na nadhani hilo linamuuma kuliko gharama ya darasa.

Najua jinsi linavyouma. Na hapa niseme jambo ambalo nyumbani huwa hatulizungumzi sana.

Ilikuwa Agosti 2017, kiangazi, wakati wa moto wa pori. Tulikuwa tunarudi kutoka Kolwezi, mimi na mtoto wa yaya, tumechelewa kwa sababu mteja alichelewa kulipa. Giza lilitukuta Fungurume. Moshi ulikuwa umelala juu ya njia, na vumbi la kamyo limechanganyika nao, hata taa kubwa zikawa zinarudi usoni. Mbele ya Fungurume nikakuta matawi. Nikashusha gia hadi tukawa tunatambaa. Tukapita fungu la kwanza, la pili, la tatu. Hakuna kamyo. Palikuwa na doa la mafuta tu, na vipande vya mawe ambavyo mtu alikuwa ametegea tairi.

Kilomita chache mbele, matawi tena. Nikapunguza tena. Taa zilipoyapiga kwa karibu nikaona majani yake yamekauka na kujikunja. Yalikuwa na siku kadhaa pale. Mchana unayatambua kwa rangi, mabichi ni ya leo, makavu ni ya zamani. Usiku, kwa mbali, hakuna rangi. Mara ya tatu, hivyo hivyo: matawi, breki, utupu. Nyuma yangu palikuwa na teksi-basi iliyokuwa ikinisukuma kwa taa kila nilipopunguza, na mara ya tatu ikanipita kwa kelele.

Mara ya nne niliyaona. Nataka lieleweke hivyo, niliyaona vizuri. Mguu wangu haukuenda kwenye breki. Sikuwaza, wala sikuamua. Mguu tu ulikuwa umekwisha kuacha kusadiki. Mtoto wa yaya akapiga kelele, “Mama mudogo!”, na kamyo ikatokea kwenye moshi, haina taa hata moja, imesimama katikati ya mkondo wetu kama ukuta wa nyumba. Nilivuta usukani kulia. Tulishuka ukingoni, tukavuka mfereji, tukalala ubavu kwenye majani. Mimi nilitoka na michubuko. Yeye mkono ulivunjika mahali pawili, naye alikuwa na miaka 16.

Shofere wa kamyo alikuja mbio na tochi, mzee kuliko mimi, anatetemeka. Akasaidia kumtoa mtoto, akavua shati lake likafungwa mkono. Kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kulia: “Mama, nilitia majani mu barabara. Haukuyaona?”

Niliyaona, baba.

Yeye alikuwa ametimiza wajibu wake wote. Alishika panga, akaingia porini gizani, akakata, akalaza mafungu matatu kwa umbali unaotakiwa. Waliomwangusha mwanangu ni wale watatu waliotengeneza kamyo zao siku zilizotangulia, wakapanda, wakawasha, wakaondoka na kuyaacha matawi nyuma yao kana kwamba kazi ya tawi inakwisha pale gari lao linapopona. Sina majina yao. Ninaamini hakuna hata mmoja wao anayejua alichofanya.

Kwa hiyo nikisikia mtu anasema madereva wanaolalamikia vikomo vinavyobadilika ni wapenda mbio, nakataa. Wapo wapenda mbio, na mimi siwatetei. Februari 2019, katika barabara hii yetu ya Kolwezi, gari lililobeba asidi liligongana na mengine na watu zaidi ya kumi wakafa, wengine kwa kuunguzwa na asidi yenyewe. Baada ya habari kama hiyo, mwenye akili hana la kudai kuhusu uhuru wa kukimbia. Lakini malalamiko ya mdogo wangu si ya mbio. Nambari ni neno la mtu. Mtu yuko mahali fulani, ofisini au porini, anasema: huku mbele kuna jambo, niamini. Nikimwamini mara tatu nisikute kitu wala maelezo, kitakachovunjika ni lile neno, na atakayelipa ni mtu wa nne aliyesema kweli.

Kuna nchi zimelifikiria hili kwa njia ninayoipenda. Ufaransa, kwenye barabara kuu za haraka, kikomo ni kilomita 130 kwa saa. Mvua ikinyesha ni 110. Ukungu ukiziba hata usione mita 50 mbele, ni 50. Kikomo kinabadilika, ndiyo, ila sababu yake inaanguka kwenye kioo chako. Hakuna wa kubishana naye. Uholanzi, tangu Machi 2020, mchana ni 100 karibu kila mahali, kwa ajili ya kupunguza hewa chafu ya naitrojeni, na usiku wanaruhusiwa zaidi kwenye sehemu kadhaa. Hiyo wengi hawakuifurahia, lakini saa inajulikana na sababu ilitangazwa, kila mtu anajua amekosana na nani.

Ningependa mtu atuandikie sisi kanuni kama ile ya mvua, yenye moshi na vumbi ndani yake. Sheria yetu ya barabara ni ya tarehe 30 Agosti 1978. Tangu wakati huo njia ya Kolwezi imegeuka njia nyingine kabisa. Kikomo kinachosema “moshi ukilala barabarani, usizidi hapa” kisingehitaji nyaya chini ya lami wala umeme. Kingehitaji kufundishwa tu, na kupakwa rangi kwenye kibao penye mabonde ambamo moshi unakaa.

Hata zile alama tulizo nazo tunaziharibu wenyewe. Chukua taa. Shofere anayekuja mbele yako akikupigia taa mara mbili, zamani ilikuwa ni salamu ya uhai: kuna ajali mbele, kuna ng’ombe, kuna kamyo imelala. Siku hizi mara nyingi anakwambia polisi wa rulaji, wale wa barabarani, wamesimama kwenye kona. Ninaelewa kwa nini tunafanya hivyo, kila mmoja ana habari yake na kituo cha barabarani. Lakini alama moja imebeba habari mbili, na hizo mbili zinadai matendo tofauti. Kwa askari, unafunga mkanda na kutafuta karatasi. Kwa kamyo iliyolala, unakanyaga breki sasa hivi. Nimeona mtu anapigiwa taa na badala ya kupunguza anainama kufungua kabati ya gari atafute bima. Kilometa moja mbele palikuwa na trela imekatika.

Na vibao vya kazi. Wajenzi wanakuja, wanaziba mashimo wiki mbili, wanasimamisha kibao cha 30, wanaondoka. Kibao kinabaki msimu wa mvua mzima, kinabaki kiangazi, kinapata kutu. Wote tunakipita kwa 80, hata dereva wa mkubwa wa serikali. Siku moja watarudi kweli, watakuwa wameinama na majembe yao nyuma ya kibao kile kile, na sisi tutakuja kwa 80.

Mdogo wangu ameniambia kwamba kule kwao, juu ya fremu zile zile, mara nyingine kunaandikwa maneno: ajali, foleni, ukungu. Siku hizo, anasema, wote wanapunguza na hakuna anayekupita kwa hasira. Usiku wake hapakuwa na neno. Alimwuliza mwalimu wa darasa kwa nini. Mwalimu alikuwa mtu mwema, akamwambia nambari inatosha kisheria. Hilo hakulipinga. Mpaka leo anapunguza kila anapoiona, kwa sababu ya pointi. Ananiambia macho yake sasa yako kwenye mshale wa mbio na kwenye kamera, hayako tena kwenye njia, na kwamba hapo nyuma, kabla ya barua, alikuwa akitazama njia.

Mtoto wa yaya ana miaka mingi sasa ya kuwa macho yangu. Mkono ulipona, ila hauinuki vizuri kupita bega. Tangu usiku ule tuna desturi. Mchana, tukikuta matawi makavu na hakuna kamyo, ninaegesha pale penye nafasi na kuwasha taa za tahadhari, yeye anashuka, anayakokota hadi majanini kwa mkono wa kushoto. Mawe tunayabeba wawili.

Wiki iliyopita, upande huu wa Luisha, tulikuta mafungu matatu na mawe makubwa manne. Mama mmoja aliyekuwa akiuza makala kando ya njia aliinuka bila kuitwa akashika tawi upande wa pili. Nilimwuliza kamyo iliondoka lini.

“Posho,” alisema, yaani Jumamosi, akifuta mikono kwenye kitenge.

Sisi tulikuwa siku ya nne, Alhamisi.